Mgeni aliyeishi hapa miaka mingi apige kura ya Rais? Watu wa kando ya ziwa njooni

Furu Mkavu (mleta mada)

Wakuu, poleni na majukumu. Leo kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, nusura watu washikane mashati kwa mada hii, nikaona niilete hapa ambako angalau hakuna wa kukumwagia kahawa.

Swali ni moja. Mtu si raia, ila ana kibali, yuko nchini mwaka wa kumi au wa ishirini, amefungua biashara, watoto wanasoma shule ya kata. Aruhusiwe kumchagua Rais na mbunge, au abaki mtazamaji?

Najua sheria inasemaje, msije kunibandikia vifungu tu. Ibara ya 5 ya Katiba ya 1977 inampa haki ya kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Ibara ya 21, ile ya kushiriki utawala wa nchi, nayo imemtaja raia. Mgeni hayumo. Mimi nauliza kama ni haki.

Kinachonisukuma ni pale mwaloni, soko letu la samaki. Pita saa kumi na mbili asubuhi kwenye magunia ya dagaa usikilize: Kijaluo, Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili cha Kongo kile cha "banakuya". Wapo wanaopakia mzigo na kuondoka, hao siwasemei. Nawasemea waliobaki. Ushuru ukipanda wanalipa. Choo cha soko kikiziba wanaziba pua pamoja na sisi. Siku ya kupiga kura ndiyo wanakaa kwenye magunia wanatusubiri tumalize.

Na si wazo la ndotoni. New Zealand mkaazi wa kudumu anapiga kura ya bunge tangu 1975. Chile walimruhusu mgeni aliyeishi miaka 5 amchague hadi Rais. Ekuado 5 vilevile, Uruguay 15. Karibu zaidi, Katiba ya Malawi ya 1994 ilimtaja kama mpiga kura hata asiye raia aliyeishi nchini miaka 7. Malawi hawa hawa tunaobishana nao mpaka wa Ziwa Nyasa.

Karibuni, ila matusi tuyaache kwa konda wa daladala.

Kibuyu Kitupu

Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu. Swali dogo: wageni wakiongezwa, foleni ya kujiandikisha si itafika Igoma?

Ng'wana Sengerema

Mleta mada nakuheshimu ila hapa sikufuati hata hatua moja.

New Zealand ni visiwa katikati ya bahari. Mgeni hafiki kule bila ndege na viza. Sisi tuna Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga, halafu tuna ziwa ambalo halina geti. Mtu analala Kisumu, kesho kutwa yuko kisiwani anashona nyavu, na ndugu zake wanamwita mwenyeji. Hata sasa hivi kura ikiwa ya raia peke yake, kila uchaguzi kelele ni zile zile: mamluki wameletwa na malori, mamluki wameandikwa usiku. Fungua huo mlango uone. Kila kata ya mpakani matokeo yatabishaniwa mpaka uchaguzi unaofuata.

La pili ni zito zaidi. Rais ndiye amiri jeshi mkuu. Anaweza kukupeleka vitani. Mwaka 1978 Amin alipoivamia Kagera, waliopanda malori kwenda mbele walikuwa Watanzania. Mtu mwenye pasipoti ya nchi nyingine mambo yakichacha anarudi kwao. Wa kuchagua nahodha ni yule ambaye chombo kikizama anazama nacho.

Chanja la Dagaa

Ng'wana Sengerema, umegusa vita nami nakujibu kwa vita hiyo hiyo. Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama wa watu. Yangekuja mita chache huku mjini, yangeuliza nani ana pasipoti gani? Mhindi wa dukani, Mjaluo wa mitumbwini, padri Mzungu, wote walikuwa chini ya anga moja na Msukuma. Unaposema wa kuzama na chombo, basi hesabu na waliokuwamo ndani ya chombo.

Kuhusu "anarudi kwao": Mtanzania mwenye hela naye mambo yakichacha anapanda ndege. Hatujamnyang'anya kura kwa sababu ana uwezo wa kukimbia.

Ng'wana Sengerema

Hatumnyang'anyi kwa sababu akikimbia atarudi hapa hapa, hana pengine. Huyo mwingine ana pawili.

Mtoro wa Kusini

Nawasoma nikiwa New Zealand, nimetokea Mabatini miaka hiyo. Naomba niseme ninachokiona, maana mmeitaja.

Huku si suala la kupewa tu. Ukiwa na ukaazi wa kudumu na umeshakaa miezi 12 mfululizo, sheria inakulazimisha kujiandikisha. Kupiga kura ni hiari, kujiandikisha ni lazima. Oktoba 2023 nilipiga kura zangu mbili, moja ya chama na moja ya mbunge wa jimbo, nilipokuwa nimekwenda kununua mchele. Kituo kilikuwa ndani ya jengo la maduka, na upigaji unaanza siku nyingi kabla ya siku yenyewe. Nikaondoka na mfuko wangu, hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Mambo mawili watu huwa hawayajui. Kwanza, kugombea hairuhusiwi mpaka uwe raia. Unachagua, huchaguliwi. Pili, mpaka leo mkaazi kupiga kura hakujageuka ugomvi wa kitaifa. Serikali zimeingia na kutoka, za kulia na za kushoto, hakuna chama kilichoweza kusema wageni ndio mtaji wake.

Ila kaka wa Sengerema ana hoja kwenye mipaka. Huku kuupata huo ukaazi wa kudumu ndiyo kazi. Chujio liko mlangoni, kwa hiyo ndani hawana wasiwasi.

Kibuyu Kitupu

Kwa hiyo wewe unachagua waziri mkuu wa Wazungu lakini Rais wa kwenu humchagui?

Mtoro wa Kusini

Ndiyo. Tanzania haijaweka vituo vya kura kwa walio nje. Kura yangu iko huku kwa wenyeji wangu.

Leicester Mpaka Nyegezi

Hata mimi. Na mimi hata ukaazi wa kudumu sina, nina kibali cha kazi tu. Uingereza raia yeyote wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali anaandikishwa na anachagua mbunge. Ni mabaki ya himaya: zamani watu wa makoloni walihesabiwa raia wa Mfalme au Malkia, nchi zikajitawala moja moja, haki ya kura ikabaki haijafutwa.

Mtacheka. Julai 2024 nilikwenda kituoni, shule ya msingi hatua chache na ninapokaa. Siku hizi wanataka kitambulisho chenye picha. Nikatoa pasipoti yangu ya Jamhuri ya Muungano, yenye ngao ya taifa. Dada akaifungua, akatazama picha, akanitazama, akanipa karatasi na kunionyesha kibanda chenye penseli. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola ipo kwenye orodha yao ya vitambulisho vinavyokubalika.

Kichekesho kikubwa kilikuwa 2016, kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mtanzania wa Leicester alipiga. Mfaransa aliyeishi London miaka 30, kaolewa pale, kazaa pale, alikaa nje. Mnyarwanda naye alipiga kwa sababu nchi yake iliingia Madola 2009. Mrundi wa nyumba hiyo hiyo, hapana. Kwa hiyo ndugu zangu mnaotafuta kanuni safi ya nani anastahili, hamtaipata kwa kuangalia nchi za watu. Kila nchi imeokota kanuni yake kwenye historia yake.

Bukoba Mjini

Mnataja nchi zilizofaulu tu. Naomba nilete Kodivaa (Ivory Coast), kwa kina Drogba.

Rais wao wa kwanza, Houphouët-Boigny, alihitaji mikono ya kulima kakao na kahawa, akawaita watu wa Burkina Faso, Mali na kwingine. Wakaja kwa wingi, na kwa miaka wakawa wanapiga kura, hadi uchaguzi wa 1990. Upinzani wa Laurent Gbagbo ukalalamika kwamba hawa ni ghala la kura la mkubwa. Mzee akafariki 1993. Mwaka 1994 chini ya Bédié aliyemrithi, sheria mpya ya uchaguzi ikasema kura ni ya raia pekee, na mgombea urais athibitishe baba na mama wote ni raia wa kuzaliwa. Ouattara, mwanasiasa wa kaskazini, akazuiwa kugombea. Haikuishia kwa wageni. Ikageuka kuwauliza raia wa kaskazini, wenye majina yanayofanana na ya wageni, "na wewe wa wapi?" Mwaka 2002 vita ikalipuka.

Wengine wanaisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba mgeni asipewe kura. Mimi naisoma hivi: kura aliyopewa mgeni kwa hisani ya mkubwa, mkubwa akiondoka inaondoka, na inaondoka na majirani zako. Sisi wa Kagera hilo hatuhitaji kusimuliwa. Operesheni Kimbunga ya 2013, ile ya kuwaondoa wahamiaji haramu, tuliiona. Walioondoshwa walikuwemo watu ambao hata njia ya kwenda Rwanda walikuwa hawaijui, wamezaliwa Karagwe na Ngara.

Na mkumbuke 2001. Mwandishi wa habari Jenerali Ulimwengu, mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya, alitangaziwa kwamba si raia. Kama mtu wa ngazi hiyo aliweza kuamka mgeni, wewe wa Kirumba unayejadili wageni una uhakika gani uko upande upi wa mstari?

Furu Mkavu

Duh. Hapo mkuu umenikaza.

Mzee wa Uzinza

Vijana, mada hii ina umri kuliko nyie. Nawapa kidogo niliyoyapokea kwa marehemu baba na niliyoyaona mwenyewe.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, 1958 na 1959, haukuuliza uraia kama tunavyouelewa leo, maana uraia wa Tanganyika ulikuwa bado haujazaliwa. Uliuliza darasa la nane au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Baba hakuwa na kimoja kati ya hivyo, na alizaliwa hapa, na babu yake alizaliwa hapa. Waliokuwa navyo walitakiwa kupiga kura tatu kwenye karatasi moja: Mwafrika, Mwasia, Mzungu. TANU ilikaa Tabora Januari 1958 kuamua kama ishiriki jambo hilo la kuudhi, ikaamua kushiriki, ikashinda. Kwa hiyo kuna wakati mgeni kwenye ardhi hii alikuwa na kura na mwenyeji hana. Jambo hilo linaacha kovu. Ndiyo maana wazee wengi ukiwatajia kura ya mgeni wanakunja uso, na siwalaumu.

Oktoba 1961 bungeni wakataka uraia uwe wa weusi tu. Nyerere akakataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Ikapita sheria isiyotazama rangi. Uhuru ulipofika 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika na mzazi wake mmoja kazaliwa Tanganyika akawa raia bila kuomba. Wengine waliokidhi sharti la kuishi hapa walipewa miaka miwili wajiandikishe.

Miaka miwili! Matajiri wa mjini walikuwa na mawakili, wakapima faida na hasara, wengine wakaandikishwa, wengine wakabaki na pasipoti za Mwingereza. Lakini mvuvi wa Kijaluo aliyehamia Ukerewe miaka ya 1940, nani alimwendea na fomu? Mnyarwanda wa kuchunga ng'ombe Biharamulo? Wengi walidhani wamekwisha kuwa Watanganyika kwa sababu bendera ilipandishwa wakiwapo. Wajukuu zao ndio leo wanaulizwa maswali kwenye meza ya vitambulisho.

Wakili Mlango wa Nyuma

Shikamoo Mzee. Naongezea kidogo upande wa sheria, kwa kuwa watu wanachanganya kura na uraia.

Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5, ukiisoma kama ilivyoandikwa, aliyezaliwa nchini baada ya Muungano ni raia. Waliotolewa ni wachache, kama mtoto wa mwanadiplomasia ambaye hana mzazi raia. Lakini ukifika ofisini utaulizwa mzazi mmoja aliye raia. Kati ya maandishi na dirisha la ofisi kuna shimo, na humo wamo watu wengi wa kanda hii.

Njia ya pili ni tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia: miezi 12 ya mwisho mfululizo uwe nchini, na katika miaka 10 kabla ya hapo uwe umeishi jumla ya miaka 7. Ujue Kiswahili au Kiingereza, uwe na mwenendo mwema. Utangaze gazetini nia yako ili mwenye pingamizi ajitokeze. Uamuzi ni wa Waziri na hauendi mahakamani. Ukikubaliwa unaukana uraia wa kwanza, maana mtu mzima hapa haruhusiwi uraia wa nchi mbili.

Si kwamba serikali haijawahi kufungua mkono. Warundi waliokimbia 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia zaidi ya 160,000, na vyeti vikatolewa 2014. Hao leo wanapiga kura kama wewe. Na nchi haikuzama.

Ng'wana Sengerema

Asante wakili, umenisaidia hoja yangu. Njia ipo. Anayeipenda nchi aombe uraia, apewe, apige kura mpaka achoke. Asiyetaka kuukana wa kwao anataka mkate kamili na maandazi pia. Hata Luxembourg, nchi tajiri ambayo karibu nusu ya wakaazi ni wageni, waliulizwa kwa kura ya maoni 2015 kama mgeni wa miaka 10 achague bunge. Asilimia 78 wakasema hapana. Hao si washamba.

Chanja la Dagaa

Waliulizwa wenye kura kama wawape wasio na kura. Ulitegemea wajibu nini? Hata wanaume wa Uswisi waliulizwa 1959 kama wanawake wapige kura, wakakataa.

Mama Mkubwa Pasiansi

Nimewasoma kuanzia juu, sasa niwaambie kitu mnachokizunguka bila kukigusa.

Mume wangu ni Mkenya, wa Homa Bay. Tumeoana kanisani, tuna watoto, tuna mitumbwi. Ng'wana Sengerema mdogo wangu, unasema "aombe uraia". Kaa chini nikupe hesabu.

Ingekuwa mimi ndiye Mkenya na yeye ndiye Mtanzania, sheria ina kifungu cha mke mgeni wa Mtanzania, naomba kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni wa Mtanzania hana kifungu hicho. Anaingia foleni ya kawaida kama mtu aliyekuja peke yake bila mtu wa kumjua. Yaani ndoa yangu mimi mwanamke haimletei mume kitu. Hilo la kwanza.

La pili, tuseme amepewa. Anaukana Ukenya. Ana shamba la baba yake Homa Bay, wamegawana na kaka zake, hati ipo. Katiba yao ya 2010 inasema asiye raia hamiliki ardhi zaidi ya upangaji wa miaka 99. Kwa hiyo siku anayoapa hapa, urithi wake kule unageuka upangaji. Na asipoapa, hapa hamiliki ardhi, nyumba yetu iko kwa jina langu. Watoto wako kwa jina langu. Nikifa leo atakaa kwa nani? Wakwe zake wa huku mnawajua.

Kenya wameruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2010. Uganda 2009. Tunaokataa ni sisi. Halafu mnajadili kura ya Rais! Yeye kura ya Rais anayo ya kwao. Agosti 2022 alipanda basi hadi Sirari, akavuka Isebania, akaenda kupiga kura, akarudi na ndizi. Anachokitaka hapa ni asiulizwe kibali kila anapokwenda kuuza samaki.

Kibuyu Kitupu

Karanga zimeniishia mdomoni. Shikamoo mama.

Karani Mstaafu

Nilikuwa mtendaji wa kijiji visiwani miaka mingi, naomba niwape jambo ambalo liko kwenye sheria yetu wenyewe, halihitaji Chile.

Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Wilaya ya 1982, inasema Mkutano Mkuu wa Kijiji ni kila mtu mwenye makazi yake ya kawaida kijijini aliyefikisha miaka 18. Mkaazi. Haikuandikwa raia. Kumchagua mwenyekiti wa kijiji ni habari nyingine, kanuni za uchaguzi zinataka uraia, kama ule wa 27 Novemba 2024 watu walivyoandikishwa. Lakini mkutano unaopokea mapato na matumizi, unaojadili mchango wa darasa, ni wa wakaazi.

Tulikuwa na fundi mitumbwi, Mganda, mtu wa Masaka. Aliunda karibu mitumbwi yote ya upande ule. Siku moja mkutano ulikuwa unabishana wapi pajengwe chanja za kuanikia dagaa. Wenyeji wote walitaka karibu na mwalo, wasibebe mzigo mbali. Yeye akasimama akasema maji yanapanda, nimeona mistari kwenye mawe, jengeni juu. Akachekwa. Ikapigwa kura ya mikono, naye akanyoosha wake, nikauhesabu kama mkono mwingine wowote, akashindwa. Ziwa lilipojaa 2020 mwalo wote ulikuwa majini, chanja zikaelea kama vitanda. Hakuna aliyemwita Mganda siku hiyo, waliomwita walitaka aunde nyingine.

Mimi kama ningeulizwa, ningeanzia hapo. Sweden walianza hivyo 1976: mgeni aliyekaa miaka 3 anachagua halmashauri, bunge halichagui, na wako hivyo mpaka leo. Kura ya mwenyekiti wa mtaa na ya diwani haimtumi mtu vitani. Inahusu taka, mitaro na taa. Mgeni anakanyaga mtaro ule ule.

Ng'wana Sengerema

Karani, kwenye diwani bado nina shaka, kwa sababu halmashauri ndiyo inayogawa viwanja. Ila mwenyekiti wa mtaa… ngoja niseme hilo silipingi sana.

Bukoba Mjini

Andikeni tarehe, Ng'wana Sengerema amelegea.

Ng'wana Sengerema

Sijalegea. Kura ya Rais nasema hapana, na mbunge hapana. Na hilo la mume wa mama naliunga mkono mia kwa mia. Kifungu cha ndoa kibague mwanamke kwa nini? Hapo hata Katiba yenyewe inakataza ubaguzi. Mkitaka saini zikusanywe, yangu ya kwanza.

Leicester Mpaka Nyegezi

Wakuu, kitu kimoja kuhusu Afrika Mashariki kabla uzi haujafungwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010: mtu atembee, afanye kazi, akae. Hakuna mstari hata mmoja wa kura. Wenzetu wa Ulaya mwaka 1992 kwenye mkataba wa Maastricht waliweka kwamba raia wa nchi mwanachama anayeishi nchi nyingine anachagua diwani na mbunge wa Ulaya pale anapoishi. Sisi bunge letu la Arusha hata raia mwenyewe halichagui, wabunge tisa wa kila nchi wanachaguliwa na bunge la nyumbani. Sasa mgeni atachagua nini?

Kuanzia hapo si ingekuwa rahisi? Mkaazi wa Kirumba, awe Mtanzania au Mkenya, achague mbunge wa Afrika Mashariki. Hakuna amiri jeshi pale.

Furu Mkavu

Hilo nilikuwa sijalifikiria kabisa, na nalipenda. Ushuru wa samaki unaovuka mpaka ni mambo yao, na huyo mbunge sijawahi kumwona hata kwa picha.

Kwa upande wangu, hoja ya Rais naiweka pembeni kwa sasa; si kwa sababu ya mipaka ya Ng'wana Sengerema, bali kwa sababu ya Kodivaa. Mtu akipewa kura bila uraia halafu upepo ukageuka, hana pa kushika. Bora apewe kitu kisichonyang'anywa.

Mama Mkubwa, shemeji amewahi hata kuchukua fomu?

Mama Mkubwa Pasiansi

Alichukua. Iko kabatini, imejazwa mpaka pale pa kuukana uraia wa kwanza. Hapo kalamu imekwama.

Wakili Mlango wa Nyuma

Mama, kwa sasa ushauri wangu ni huu. Asiiwasilishe hiyo fomu mpaka mambo ya shamba la Homa Bay yakae sawa na kaka zake, kwa maandishi. Kibali chake kihuishwe kabla hakijaisha, asisubiri wiki ya mwisho, na kila risiti aitunze, kwa sababu siku akiomba tajnisi ile miaka 7 ataithibitisha kwa karatasi, maneno ya majirani hayatoshi. Na nyumba, andikeni wosia. Leo, si kesho. Mengine nitumie ujumbe faragha, usiweke namba ya hati hapa jukwaani.

Mama Mkubwa Pasiansi

Asante mwanangu. Nimekutumia. Yeye mwenyewe anasema mwaka 2027 atapanda basi la Sirari kama kawaida, na wanaotaka ndizi watoe oda mapema.

Kibuyu Kitupu

Mkungu mmoja, wa matoke. Nalipia mwaloni.